Masafa yanapovuja

Neno masafa, ambalo kwa Kiarabu ni umbali, limewafaa wakimbiaji na mafundi wa redio vilevile. Kwa mafundi, masafa pia huvuja.

Amplifaya moja ikibeba mawimbi mawili, tuseme ya megahezi 100 na 101, huzaa mengine yasiyotakiwa kwenye 99 na 102, uwanjani kwa jirani. Fundi huyapima kwa kichanganuzi cha masafa. Lakini kifaa hicho nacho kikilemewa huzaa uchafu uleule, kisha kikausingizia mtambo! Dawa ni kuongeza kipunguza nguvu cha desibeli 10 mlangoni mwake: uchafu ukishuka kwenye skrini huku mawimbi yenyewe yakibaki palepale, mkosaji ni kipimo.

Mnara wa 4G kwa kawaida huruhusiwa kuvujisha kwa jirani chini ya sehemu moja kati ya 30,000 ya nguvu yake.