Hii Fimbo Ilikatwa kwa Kimo cha Nani?

Nenda Ngamiani, Tanga, ingia kwa fundi cherehani yeyote, mwambie unataka kanzu. Kabla hajauliza rangi, kabla hajataja bei, anavuta tepu yake kutoka shingoni. Bega hadi bega. Bega hadi kifundo cha mkono. Shingo hadi kisigino. Hata kama Iddi ni keshokutwa na foleni imefika barazani, atapima tu. Ukimwambia, "We shona kama ya yule aliyetoka," atakucheka. Yule aliyetoka ana mwili wake, na wewe una wako.

Sasa chukua mchezo wa gofu. Vijana wengi wa pwani na bara walioshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza hawakupimwa na mtu. Fimbo ilikatwa mbali, kwa kimo cha mtu mwingine, ikatumika, ikachoka, ndiyo ikawafikia. Mpira ukienda vichakani, kijana anaambiwa hana kipaji. Fimbo haiulizwi kitu.

Hapo ndipo penye kesi. Na kesi hii ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Pwani ilipima kwa mwili

Kabla ya inchi na sentimita kuzoeleka, mtu wa pwani alitembea na vipimo vyake mwenyewe. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Pima ni mikono yote miwili ikinyooshwa huku na huku.

Nguo iliuzwa hivyo. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8. Neno doti bado lipo. Mama akienda kununua kanga anasema doti, hata kama hajawahi kuhesabu mkono hata mmoja. Kipimo hicho kilikuwa na kasoro yake, kwa sababu mkono wa muuzaji si lazima ufanane na wa mnunuzi. Lakini wazo lilikuwa sawa: kitu kinachovaliwa au kushikwa na mtu huanzia kwenye mwili wa mtu huyo. Mpini wa jembe unakatwa hivyo. Kiti cha baiskeli kinapandishwa na kushushwa hivyo, na Tanga ukizungumzia baiskeli unazungumza na wenyewe.

Fimbo zikashuka na meli

Gofu ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza. Klabu ya Entebbe kule Uganda inahesabu umri wake tangu 1901, ya Nairobi tangu 1906, na ya Mombasa tangu 1911. Miaka hiyo Tanga ilikuwa chini ya Mjerumani, yenye bandari, reli ya kwenda Moshi na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa mwaka 1893. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na michezo yao ikafuata.

Ramani ya mji ilijieleza yenyewe. Raskazone na upande wa bahari kulikuwa kwa Wazungu. Ngamiani, na mitaa yake yenye namba, kulikuwa kwa Waafrika. Gofu ilikaa upande wa kwanza. Mwafrika aliyeingia uwanjani kipindi hicho aliingia na begi begani, na begi lenyewe halikuwa lake.

Cha kushangaza, fimbo za zamani kabisa zilikuwa za kupimiwa. Fundi wa Scotland alichonga mpini wa mti uitwao hickory, unaotoka Marekani, akaufunga kichwa, mteja akaujaribu. Ukiwa mgumu sana, fundi aliukwangua kidogo. Kila fimbo ilikuwa na jina lake na tabia yake, na mchezaji mwenye hela alichagua moja moja mpaka begi likajaa.

Mpini wa chuma ndio uliobadilisha mambo. Wamarekani waliuruhusu rasmi mwaka 1924, Waingereza mwaka 1929. Chuma hakipindi kwa unyevunyevu kama mti, na kiwanda kinaweza kutoa mipini elfu inayofanana. Majina yakaondoka, zikaja namba. Seti nzima ikauzwa kwa pamoja, na kufikia mwaka 1939 sheria ilikuwa imeweka kikomo cha fimbo 14 kwenye begi. Bei ilishuka, wengi wakapata. Lakini hapo ndipo ilipozaliwa "saizi ya kawaida".

Kawaida ya nani? Ya mwanaume mzima, wa kimo cha kati huko Ulaya na Marekani, anayetumia mkono wa kulia. Wanawake walipewa fimbo fupi kwa kama inchi moja na mpini laini zaidi, wote kwa mkupuo, kana kwamba wanawake wote ni mtu mmoja. Wa mkono wa kushoto waliambiwa wavumilie.

Kedi na shule ya macho

Huku kwetu wanafunzi wazuri kuliko wote wa mchezo huo walikuwa makedi, vijana wanaobeba begi. Kedi hakuwa na mwalimu. Alikuwa na macho. Alijua bosi akiwa amechoka anahitaji fimbo gani, alijua upepo wa bahari wa saa tisa unausukuma mpira wapi, alijua nyasi zikilala huku mpira unateremka kule.

Kucheza kwenyewe kulikuja kwa mlango wa nyuma. Simulizi ni zilezile Kenya, Uganda na Tanzania: tawi lenye kona lililochongwa, kipande cha chuma kilichopindwa, au fimbo iliyotupwa na mwenyewe baada ya kukatika. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania walianzia hapo kwenye kubeba begi. Hawakuandikwa magazetini wakati huo, na wengi wao majina yao hayatajwi mpaka leo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Fimbo ya kuazima nayo ina aibu zake. Kijana mfupi akipewa fimbo ndefu anashika chini kabisa ya mshikio na kusimama mbali na mpira. Mrefu akipewa fupi anainama mpaka mgongo unalia. Wa mkono wa kushoto anageuka wa kulia, maana begi zima ni la kulia. Mwili unajifunza kupinda ili fimbo ifurahi. Miaka kumi baadaye anatokea kocha na kumwambia, "Mchezo wako una kasoro."

Mfano mkubwa wa mwili uliojifunza wenyewe uko kwenye bahari hii hii ya Hindi, ukishuka kusini hadi Durban. Sewsunker "Papwa" Sewgolum, kijana wa familia ya Kihindi, alianza kama kedi na kujifundisha kucheza mikono ikiwa imegeuzwa: wa kushoto chini, wa kulia juu, kinyume na vitabu vyote. Mwaka 1959 alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Mwaka 1963 akashinda Natal Open nyumbani kwao, akapokea kombe nje kwenye mvua, kwa sababu sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia jengo la klabu. Walioshindwa walikuwa ndani, wakavu.

Mwaka huo huo wa 1963, Bob Charles wa New Zealand akawa mchezaji wa kwanza wa mkono wa kushoto kushinda The Open ya Uingereza. Na yeye kwa asili ni wa mkono wa kulia! Wazazi wake walicheza kushoto, na fimbo za nyumbani zilikuwa zao. Fimbo iliyopo ndiyo iliyoamua. Huyu ilimpeleka kwenye ubingwa. Wangapi iliwapeleka nyumbani wakiamini hawawezi?

Nukta ya rangi

Aliyerudisha tepu kwenye gofu ya watu wengi ni mhandisi, siyo bingwa. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alikuwa akifanya kazi General Electric. Alianza gofu ukubwani, akaona fimbo yake ya kusukumia mpira shimoni inamwangusha, akatengeneza yake. Mwaka 1959 ikazaliwa Ping. Miaka ya 1970 kampuni yake ikaanza kuweka nukta za rangi kwenye vichwa vya fimbo: kimo chako na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni vinakupa rangi yako.

Ona hapo: kifundo cha mkono hadi sakafuni. Dhiraa imerudi kwa jina jingine.

Kipimo hicho kina maana kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono ya urefu tofauti. Na kwa anayenunua seti ya mtumba, ile nukta si urembo. Nyeusi ni mlalo wa kawaida. Bluu na kijani, fimbo imesimama zaidi. Nyekundu, imelala zaidi. Begi lenye nukta za kijani liliwekewa mtu fulani mahali fulani. Ukilinunua kwa sababu tu linang'aa, umevaa kanzu ya mtu.

Fimbo inavyosema uongo

Tuseme wewe ni wa mkono wa kulia. Fimbo iliyosimama mno kwako inagusa ardhi kwa kisigino, uso wake unaelekea kushoto, na mpira unafuata. Iliyolala mno inagusa kwa ncha, mpira unakwenda kulia. Unaweza kupiga vizuri kabisa na bado ukakosa. Halafu unaanza "kujirekebisha", unajipinda ili kuponya ugonjwa ambao si wako.

Mpini nao una siri yake. Ukiwa mgumu kuliko kasi ya mikono yako, mpira mara nyingi unatoka chini na kuishia njiani. Ukiwa laini mno, unakosa mwelekeo. Na mshikio: ukishika kwa mkono wa kushoto, vidole vinatakiwa viguse kidogo tu nyama ya chini ya kidole gumba. Vikizama, mshikio ni mwembamba. Visipofika, ni mnene.

Kuna imani kwamba kupimiwa fimbo ni mambo ya mabingwa na washua. Mambo ni karibu kinyume chake. Bingwa akipewa fimbo mbaya anajua kuidanganya. Anayeanza hajui, anabaki na fimbo inayomfundisha makosa kila siku. Kweli, mchezo wa anayeanza utabadilika, kwa hiyo hahitaji mashine ya rada wala vipimo hamsini. Anahitaji mambo matatu yakae sawa: urefu, ulaini wa mpini na unene wa mshikio.

Mzee wa miaka 70 aliyepoteza kasi anahitaji mpini laini. Mwanamke mrefu anaweza kuhitaji fimbo iliyoandikwa "ya wanaume". Mchezaji mwenye ulemavu anahitaji zaidi, na tangu mwaka 2023 sheria za gofu zina Kanuni ya 25 inayowahusu moja kwa moja. Mchezo wenyewe umekubali kwa maandishi kwamba miili haifanani.

Kazi ambayo fundi wa mtaani anaiweza

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji maabara. Tepu ya fundi cherehani inatosha kupata kifundo hadi sakafuni. Mlalo unapimwa kwa kalamu ya wino unaofutika: chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mstari ukiwa wima nyuma, upande wa fimbo, kisha piga. Alama itabaki usoni mwa fimbo. Ikisimama wima, mko sawa. Ikiinama, fimbo inadai marekebisho.

Mpini wa chuma unakatika kwa kikatio cha mabomba. Mshikio mpya unavalishwa kwa gundi ya utepe, na utepe ukiongezwa, unene unaongezeka. Fundi wa baiskeli anayenyoosha rimu kwa jicho ana mikono ya kazi hii tayari.

Ila kuna mipaka. Ukikata fimbo, kichwa kinahisi chepesi na mpini unakuwa mgumu zaidi. Ndiyo maana fimbo ya baba iliyokatwa nusu siyo fimbo ya mtoto. Inabaki nzito na ngumu kama nondo, na mtoto anajifunza kurusha mwili mzima ili kuinua kitu kisichomhusu. Kupinda kichwa cha chuma cha kumimina kwa nguvu ni hatari pia, kinaweza kukatika. Kazi hiyo iende kwa mwenye mashine.

Turudi Ngamiani. Fundi yule anayepima hata siku ya mkesha wa Iddi hafanyi hivyo kwa sababu mteja ni tajiri. Anafanya kwa sababu kanzu isipokaa, anayelaumiwa ni fundi, siyo mabega ya mteja. Kwenye gofu tumekubali kinyume chake kwa miaka mia: fimbo haikai, lawama kwa mabega.

Kwa hiyo siku utakapomwona kijana ameshika fimbo kubwa kumzidi, mpira unaruka kulia kila mara na watu pembeni wanacheka, usiulize kwanza kama ana kipaji. Uliza ile fimbo ilikatwa kwa kimo cha nani.

Na wewe je, fimbo, baiskeli au viatu vyako vya kwanza vya michezo vilikuwa saizi yako au ya mkubwa wako? Funguka hapo chini.