Raja Deen Dayal na Picha za Majumba ya Wakuu

Atakaye kujua jinsi wakuu wa India walivyoishi zaidi ya karne moja iliyopita hana budi kuzitazama picha za Lala Deen Dayal. Alizaliwa mwaka 1844 huko Sardhana, karibu na Meerut, katika familia ya Kijain. Alisomea uhandisi Roorkee, akaajiriwa na idara ya ujenzi huko Indore. Kamera ilikuwa burudani yake tu. Baadaye Nizam wa sita wa Hyderabad, Mahbub Ali Khan, alimfanya mpiga picha wa baraza lake, na mwaka 1894 akamtunuku cheo cha Raja.

Alipiga picha za karamu, kumbi za fahari na mawindo ya chui milia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tendo lake kubwa ni lile la mwaka 1892, alipofungua huko Hyderabad studio ya wanawake peke yao. Wake na mabinti wa wakuu walikuwa wakitawishwa, hivyo mpiga picha mwenyewe hakuruhusiwa kuwaona. Studio ikazungushiwa kuta ndefu, na uendeshaji wake akakabidhiwa mwanamke wa Kiingereza.

Nasi Wagujarati twalielewa jambo hili. Nyumbani kwetu picha ya babu ipo, kilemba kichwani. Ya bibi haipo. Yeye alijifunika uso kwa ncha ya sari hata mbele ya baba mkwe wake, na wajukuu hatujui alifanana na nani.

Deen Dayal alifariki mwaka 1905. Bamba zake za kioo zaidi ya 2,800 zimehifadhiwa New Delhi, katika Kituo cha Taifa cha Sanaa cha Indira Gandhi.