Karo Haifi, Hubadilisha Jina Tu

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nimetoka zangu kununua mahamri hapa Mishomoroni, nikamkuta mtoto wa jirani amekaa kibarazani. Yunifomu kavaa, begi mgongoni, anachorachora chini na kijiti. Yuko gredi ya nne. Nikamuuliza, "Kwani leo hakuna shule?" Akanijibu bila kuniangalia: "Nimerudishwa. Deski."

Yaani pesa ya deski.

Mimi nilirudishwa nikiwa darasa la sita kwa pesa ya mtihani. Mamangu alirudishwa zamani kwa pesa ya jengo. Na sote watatu, ukiuliza, utaambiwa tumesoma bure. Nikasema leo lazima tuongee historia, manake hii stori ina mwanzo.

Tuanze Kengeleni. Twapita hapo kila siku, makanga anapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na hakuna anayejiuliza kengele yenyewe ni ya nini. Ni ya Frere Town, makazi ambayo wamishonari wa CMS walianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru. Palikuwa na kanisa na palikuwa na shule. Na usidanganywe kwamba kisomo kilishuka na meli ya Mzungu. Watoto wa pwani walikuwa chuoni na mbao zao, wakisoma Kurani, karne nyingi kabla ya hapo. Lakini chuo na misheni zote zilikuwa kazi ya dini. Hakukuwa na serikali iliyosema: mtoto huyu ana haki kwangu.

Neno "lazima" lilifika Mombasa mwaka 1942. Serikali ya mkoloni ilisema shule ni lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi walioishi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hebu soma tena hiyo orodha. Mtoto wa Kimijikenda hayumo. Mtoto wa Mswahili hayumo. Mtoto wa kibarua wa bandarini hayumo. Hata msichana wa Kihindi hayumo. Sheria ilikuja mpaka mjini kwetu, ikachagua wake, ikatuacha.

Uhuru ukaja 1963. KANU ilikuwa imeahidi kwenye manifesto yake miaka saba ya elimu ya bure. Tukangoja. Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba 1973, miaka kumi kamili baadaye, Mzee Kenyatta akatangaza karo imeondolewa darasa la kwanza hadi la nne. Januari 1974 watoto wakafurika. Wanafunzi wa shule za msingi walitoka kama milioni 1.8 wakafika karibu milioni 2.8, kwa mwaka mmoja tu. Ukitaka kujua kama wazazi wetu walipenda kisomo, hilo ndilo jibu.

Shida ni kwamba madarasa hayakuongezeka kwa tamko. Pesa za kuyajenga hazikupangwa. Kwa hivyo shule zikaanza kutoza pesa ya jengo, na sehemu nyingine ikawa kubwa kuliko ile karo iliyofutwa. Watoto wengi waliokuja mbio wakarudi nyumbani polepole.

Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa, Agosti 1978. Moi akaingia, akafuta ada zilizobaki, na mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo. Wazee wakiyataja maziwa yale mpaka leo wanatabasamu. Lakini kufika mwisho wa miaka ya 80, serikali haina pesa na wakopeshaji wa nje wanaibana, ikaja sera ya kugawana gharama. Serikali ilipe walimu, mzazi anunue vitabu, atoe pesa ya madeski, achangie madarasa. Huo ndio wakati wa mamangu. Aliishia darasa la tano.

Umeona mchezo? Kila mara karo inazikwa hadharani na hotuba na makofi, halafu inafufuka usiku na jina jipya. Na iliwezekana kwa sababu moja: yote yalikuwa matamko. Tamko ni hisani ya mkubwa. Huwezi kumshtaki mtu kwa kukunyima hisani.

Sheria yenyewe, ya mtoto yeyote bila kuuliza rangi yake, ilikuja na Sheria ya Watoto ya 2001. Ni karibu miaka 60 baada ya ile ya 1942. Januari 2003 Kibaki akaitekeleza kwa vitendo, na wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, miaka 84, akavaa kaptula na soksi akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Watu walicheka. Mimi naona yule mzee alikuwa anadai deni lake. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Sasa hapa ndipo nataka ukae makini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ina meno pande mbili. Upande wa lazima: mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kupigwa faini hadi shilingi 100,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Upande wa bure: kifungu cha 29 chasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Kama kuna mchango mwingine, lazima uidhinishwe na waziri, lazima utolewe risiti rasmi, na hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria shule kwa sababu hajaulipa.

Waliotunga sheria hii walikuwa wameshaijua historia. Waliijua pesa ya jengo, wakaiwekea mtego. Lakini upande wa lazima kila mama mtaani anaujua, manake chifu huutaja barazani. Upande wa bure hakuna aliyetusomea.

Najua kuna watakaosema walimu wakuu nao wafanye nini. Ni kweli. Shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima hazinunui maajabu, na hata hizo huchelewa. Lakini deni hilo ni la serikali. Asitumwe mtoto wa miaka tisa kulidai kwa mamake.

Jioni nilimsomea mamake kile kifungu kwenye simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sawa mwanangu, na wakimchukia mtoto?" Wallahi sikuwa na jibu. Hakuna kifungu cha hilo. Nikamwambia basi asiende peke yake.

Jumatano walienda mama wanne. Hawakupiga kelele. Waliuliza kwa heshima kama mchango umeidhinishwa, na risiti yake iko wapi. Alhamisi yule dogo alikuwa darasani.

Deski bado hazijanunuliwa. Wanakaa wanne wanne.