Nani Atabadilisha Bomba? Historia Fupi ya Hoteli za Kando ya Ziwa Kwetu Kivu

Wandugu wahitimu, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma usiku na megabaiti za kukopa, leo naanza na hoteli mbaya.

Mwezi wa nane 2017 nilimpeleka mama Goma. Mdogo wangu alikuwa anafanya kolasyo, na mama alikuwa na haja moja tu juu ya safari hiyo: alale usiku mmoja kando ya ziwa. Hakutaka kwa jamaa, hakutaka kwa masista. Alitaka hoteli yenye dirisha linaloangalia maji. Nilikuwa nimefundisha mwaka mzima, nikaweka kando dola 60 kwa ajili ya usiku huo.

Kutoka Butembo mpaka Goma ni karibu kilomita 300. Tuliondoka alfajiri, tukapita Lubero, Kirumba, Kayna, tukafika Kanyabayonga na kungoja msafara wa magari unaosindikizwa na askari. Kiisha tukateremka kwenye bonde la Hifadhi ya Virunga. Pale Rwindi mama alinigonga bega. "Angalia!" Nikaona zile nyumba za mviringo ambamo watalii walikuwa wanalala zamani. Hakukuwa mtalii hata mmoja. Kulikuwa askari, na nguo zimeanikwa. Mama akasema: "Mwaka wa 1976 tulipita hapa na masista, tukanunua Fanta. Tembo ilikuwa imesimama pa barabara, shofeli akazima motere, tukangoja mpaka ikubali kutoka." Halafu akanyamaza mpaka Rutshuru.

Goma tulifika jioni. Jina la hoteli sitalitaja. Kibao chake kilikuwa kipya kabisa, kinametameta, na nyota tatu zimechorwa. Dirisha kweli liliangalia ziwa, lakini kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na mahali pake wameweka kipande cha bati. Nikafungua bomba: likakohoa, likatoa upepo. Kijana wa mapokezi akasema, "Maji itakuya kesho asubui, mama, pole," akatuletea bidoni moja ya njano. Godoro lilikuwa na shimo katikati. Tukaomba sambaza, maana kulala kando ya Ziwa Kivu bila kula sambaza ni aibu, akajibu zimeisha. Saa nne ya usiku jenereta ikazimwa. Hata feni ikanyamaza, tukabaki na mbu.

Mimi nilikasirika. Mama hakukasirika. Aliwasha tochi ya simu, akashika shuka, akaanza kuchunguza upindo wake kwa vidole, polepole, kama fundi. "Babu yako angelia," akasema. Ndipo akaniambia kitu ambacho sikukijua: katika miaka ya 1950 babu alikuwa mfua nguo kwenye hoteli moja ya wazungu upande wa Beni. Alifua mashuka, akapiga pasi ya makaa, akayahesabu kila jioni. Shuka lililotoboka lilishonwa siku hiyo hiyo. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, na hakulala ndani ya hoteli hiyo hata usiku mmoja.

Usiku ule sikulala vizuri, na si juu ya godoro tu. Nilijiuliza: tumetoka wapi mpaka tukafika kwenye bomba linalotoa upepo?

Jibu la haraka tunalijua wote, tunalisikia kwenye basi na kwenye nganda: wazungu walijenga, sisi tukaharibu. Mimi nimesoma historia, na nawaambia jibu hilo ni nusu tu. Tuangalie nusu nyingine.

Hifadhi yetu ilianzishwa 1925 kwa jina la Albert, mfalme wa Ubelgiji, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Afrika. Wazungu wenye mashamba ya kahawa na chai walipenda Kivu kwa sababu ya baridi na maziwa; waliifananisha na Uswisi. Hoteli zikafuata: Goma na Bukavu kando ya ziwa, Rwindi kwa wanaotaka kuona wanyama, Mutwanga kwa wanaotaka kupanda Ruwenzori na kulala kwenye vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Picha za wakati huo ni nzuri kweli. Chokaa nyeupe, maua yamepangwa, gari linang'aa mlangoni.

Lakini uzuri huo ulilipiwa na watu ambao hawamo kwenye picha. Barabara zilichimbwa na wazee wetu kwa kazi ya lazima. Wenyeji wengi walitolewa kwenye ardhi ya hifadhi. Anayefua, anayepika, anayekata majani alilipwa kidogo sana, na jioni alirudi kwenye mtaa wa weusi. Hata Mwafrika aliyesoma alipaswa kuomba: 1948 ikaja kadi ya sifa za kiraia, na 1952 ule utaratibu wa kuandikishwa kama "mstaarabu". Mnajua walivyomchunguza aliyeomba? Walikuja nyumbani kwake, wakaangalia jikoni, wakaangalia namna familia inavyokula, wakaangalia usafi. Yaani watu waliofuliwa mashuka na babu yangu ndio waliokuja kupima kama nyumba yake ni safi.

Kwa hiyo ule usafi wa zamani haukuwa wetu. Ulitoka mikononi mwetu, lakini hatukuwa na sauti ndani yake. Babu alijua kushona shuka. Hakuna aliyemfundisha kuweka bajeti ya mashuka ya mwaka unaofuata. Hiyo ilikuwa kazi ya ofisi, na mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwake.

Uhuru ukaja 1960, kisha uasi wa Simba wa 1964. Baadaye, chini ya Mobutu, utalii ulirudi. Hifadhi ikaitwa Virunga 1969, na 1979 UNESCO ikaiandika kwenye urithi wa dunia. Katikati ya miaka ya 1970 viboko wa hifadhi walikuwa zaidi ya 25,000. Ndiyo Rwindi ile ya Fanta na tembo ya mama. Mnaona? Hoteli zilisimama hata baada ya wakoloni kuondoka, na watoto wa shule wa kwetu walipita hapo. Wale wanaosema kila kitu kilianguka 1960 hawakuwauliza mama zao.

Pigo lililovunja kitu ndani yetu, kwa maoni yangu, ni tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Kwa masikio ilikuwa haki. Kwa vitendo, mali nyingi ziliwafikia wakubwa wa chama na marafiki zao, watu ambao hawakuzinunua wala kuzifanyia kazi. Mtu aliamka ana duka, ana shamba. Na alijua kwamba kilichokuja kwa neno la mkubwa kinaweza kuondoka kwa neno la mkubwa. Wewe ungefanya nini? Wengi waliuza kilichokuwa ndani, wakaacha kuta. Na kweli, 1976 serikali iligeuka, ikakubali wengi wa wenye mali wa zamani warudishiwe. Ndani ya miaka mitatu nchi nzima ilikuwa imejifunza somo moja baya: usitengeneze, chukua.

Halafu somo hilo likarudiwa kwa bunduki. 1991 na 1993 askari wasiolipwa walipora miji mingi. 1994 karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache, na mwaka huo huo Virunga ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vya 1996, vita vya 1998. Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga lava katikati ya Goma. Kufika 2005, wale viboko zaidi ya 25,000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kama kiboko, mnyama wa tani nzima na zaidi, hakuweza kuokoka, bomba la hoteli lingeokoka namna gani?

Asubuhi nilikwenda kumtafuta mwenye hoteli nidai pesa zangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Nikakuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai. Nikamsalimia, "Shikamoo papa." Akanisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa upole:

"Mwanangu, uko na haki. Lakini sikia. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa pale mjini, lava ikaikula 2002. Hii ya hapa, 2012 watu wa bunduki walilala ndani wiki nzima, hawakulipa hata franga. Wakienda, wakabeba pompe ya maji. Niliweka ingine, ikaibiwa. Sasa mimi niweke ya tatu juu ya nani?"

Nilikaa kimya. Alisema kweli, na historia yote niliyosoma univ ilikuwa upande wake. Lakini nikaona kibao kwenye ukuta nyuma yake, na nikauliza: "Papa, na kibao? Kibao ni kipya."

Akacheka, akaangalia chini. "Kibao inaleta watu," akasema.

Hapo ndipo nataka tufike, wandugu. Historia inaeleza kwa nini mzee aliogopa kununua pompe. Haielezi kwa nini hakuogopa kununua kibao. Pesa ya kibao ilikuwa uchaguzi wake. Mkoloni, Mobutu, lava na watu wa bunduki wanachukua sehemu kubwa ya lawama, na tuwape sehemu yao bila huruma. Lakini kinabaki kipande kidogo, cha ukubwa wa bomba moja, ambacho ni chetu. Mzee alinirudishia dola 20. Nikazipokea.

Tusiseme kwamba sisi watu wa huku hatuwezi kutunza. Butembo yenyewe ni ushahidi. Wakati serikali ya Zaire ilikuwa imetusahau, wafanyabiashara wetu walileta bidhaa kutoka Dubai na China, na pamoja na makanisa watu walijichangia kutengeneza barabara na madaraja. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, alihimiza watu washike jembe bila kungoja Kinshasa. Chuo Kikuu cha Graben kilianza 1989 kwa roho hiyo hiyo. Lori likikwama barabarani, bidhaa zako zinaoza wewe mwenyewe; kwa hiyo ulitoka na koleo. Watu walitunza kile walichoona ni chao, ambacho hasara yake ingewagusa wao.

Lakini tuangalie pia mji wetu wa leo. Etaji zinapanda kila mwaka, vioo vya bluu, vigae vya China. Sherehe ya kufungua, askofu anabariki, picha zinajaa kwenye simu. Rudi baada ya miaka mitano: choo cha etaji ya tatu kimefungwa kwa kamba, ngazi hazina taa. Na kule Beni, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, nimesikia rafiki akisema, "Nipake rangi juu ya nini, kesho tutakimbia." Simlaumu. Kanyabayonga ilianguka mwezi wa sita 2024, Goma Januari 2025, na ile barabara niliyopita na mama sijui ni lini nitaipita tena. Kutunza nyumba ni kusema kwamba kesho nitakuwa hapa. Ni neno gumu kulisema kwetu. Ndiyo maana, kwangu mimi, anayelisema anafanya kitu kikubwa kuliko anayefungua jengo jipya.

Basi nina maombi mawili.

La kwanza kwa wanafunzi wa historia: mnatafuta somo la memware na mnarudia yale yale. Nendeni Mutwanga, nendeni Rwindi siku itakapowezekana, lakini kabla ya kuta tafuteni watu. Wapishi, wafua nguo, wapagazi wa Ruwenzori, au watoto wao. Waulizeni kazi ilifanywaje, nani aliweka ufunguo, nani aliamua. Wazee hao wanaondoka, na vitabu vingi vya wakati ule viliandikwa na wale waliolala kitandani, si na waliokitandika.

La pili kwa nyinyi wa ujenzi, uchumi na usimamizi: mtu akiwaita mumchoree hoteli, shule au kliniki, muulizeni swali moja kabla ya kushika kalamu. Mwaka wa kumi, nani atabadilisha bomba, na pesa itatoka wapi? Kama hana jibu, punguzeni etaji moja, muweke akiba.

Mama alilipenda ziwa, hata hivyo. Alfajiri alikaa dirishani upande usio na bati, akaangalia mitumbwi ya wavuvi ikirudi. Kabla ya kuondoka alitoa sindano kwenye mkoba wake, akashona lile shuka mahali lilipochanika. Nikamwambia, "Mama, acha, si la kwetu." Akasema, "Leo nimelala juu yake."

Andikeni hapo chini: kwenu, nani alifanya kazi hotelini, na alisimulia nini?