Mwalimu wa Darwin Aliyetoka Utumwani

Wasikilizaji, tukitajiwa walimu wa wataalamu wakubwa, huwa tunafikiria maprofesa wenye majoho. Juma hili nataka kuzungumza juu ya mwalimu asiyekuwa na joho wala shahada. Aliitwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Demerara, katika nchi ambayo siku hizi ni Guyana, Amerika ya Kusini. Jina hilo la ukoo ni la bwana wake, kama ilivyokuwa desturi ya watumwa siku zile.

Katika shamba la bwana huyo alikuwa akifika Mwingereza mmoja, Charles Waterton, mtu wa kuzunguka misituni akikusanya ndege. Waterton ndiye aliyemfundisha John kuchuna ndege na kuhifadhi ngozi na manyoya yasioze. Mwaka 1817 bwana alirudi Scotland pamoja naye, na huko John akawa mtu huru. Alihamia Edinburgh, akakaa mtaa wa Lothian, karibu na Chuo Kikuu, akijipatia riziki kwa kazi hiyo ya ndege.

Mwaka 1825 alifika mjini humo kijana wa miaka 16, Charles Darwin, ametumwa na baba yake asomee udaktari. Masomo hayakumwingia. Mihadhara ilimchosha, na alipotazama mtoto akipasuliwa, enzi ambazo dawa ya usingizi haijapatikana, alitoka mbio asirudi tena. Lakini Januari 1826 alimwandikia dada yake kwamba anakwenda kujifunza kuhifadhi ndege kwa mtu mweusi: saa moja kila siku kwa miezi miwili, ada gini moja tu, yaani shilingi 21.

Kazi ya namna hiyo haitaki pupa. Ngozi ya ndege ni nyembamba kama karatasi. Unaichuna polepole, unaitia dawa wadudu wasiile, kisha unairudishia umbo lake. Mikono ikiwa kazini, watu huzungumza. Darwin, katika kumbukumbu alizoandika mwaka 1876, alisema kwamba alizoea kukaa na mwalimu wake huyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupendeza na mwenye akili. Nusu karne ilikuwa imepita! Baadhi ya maprofesa wa Edinburgh hawakupata sifa hiyo. Aliwataja kama watu waliomchosha.

Ujuzi ule ulimfaa katika safari ya meli ya Beagle, kuanzia mwaka 1831 hadi 1836. Ndege aliowaleta kutoka visiwa vya Galapagos, walipochunguzwa London mwaka 1837, walimsaidia kuanza kushuku kwamba aina za viumbe hubadilika.

Lakini mimi naona kwamba somo kubwa halikuwa la ndege. Ni kweli kwamba ukoo wa Darwin ulipinga utumwa tangu enzi za babu zake. Hata hivyo, kumhurumia mtumwa ni jambo moja, na kuketi mbele yake kama mwanafunzi ni jambo jingine. Mwaka 1832, huko Brazil, nahodha FitzRoy alimsimulia kwamba watumwa fulani waliulizwa na bwana wao kama wanataka uhuru, wakajibu hawautaki. Darwin akamuuliza: jibu la mtumwa mbele ya bwana wake lina thamani gani? Nahodha aliwaka kwa hasira, nusura wasile tena meza moja.

Mwaka 1871, katika kitabu chake juu ya asili ya binadamu, Darwin alieleza jinsi akili za watu wa mataifa mbalimbali zinavyofanana, na akamtaja mtu mweusi aliyewahi kuwa karibu naye. Tusimfanye malaika, kitabu hichohicho kina maneno ya dharau juu ya watu aliowaita washenzi. Lakini ushahidi ule aliupata kwa kuishi na mtu.

Jina la mwalimu hakuliandika, si katika kitabu hicho wala katika kumbukumbu zake. Alisema tu kwamba alikuwa amesafiri na Waterton. Waterton naye, katika kitabu chake cha mwaka 1825, alimtaja John, mtumwa wa Bwana Edmonstone. Mwaka 1978 mtafiti R. B. Freeman aliunganisha habari hizo, na mwalimu akarudishiwa jina lake.