Mkono Upimao na Mkono Uandikao: Historia ya Ushirikiano wa Kisayansi katika Bonde la Nyabugogo, Kigali

Utangulizi

Kwa wasafiri wengi wa Afrika Mashariki, Nyabugogo ni jina la kituo cha mabasi. Hapo ndipo abiria atokaye Kampala au Goma hushuka, na hapo Kiswahili husikika kutwa kucha kando ya Kinyarwanda. Hata hivyo, kabla ya kuwa kituo, Nyabugogo ni mto. Hutoka Ziwa Muhazi upande wa mashariki, hupita kwenye mafunjo ya bonde lililo chini ya vilima vya Kigali, kisha huingia katika mto Nyabarongo. Nyabarongo nao hukutana na Akanyaru, wakazaa Akagera, mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji Ziwa Viktoria. Hivyo, linalotupwa Nyabugogo halibaki Nyabugogo. Limo safarini kuelekea Mto Naili.

Kwa sababu hiyo, maji ya eneo hili yamewavuta wataalamu wa kigeni kwa zaidi ya karne moja. Makala haya yanapitia vipindi vinne vya ushirikiano huo na kudai kwamba, katika kila kipindi, swali la msingi limekuwa lile lile: je, mkono unaopima ndio unaoandika, na kinachoandikwa humrudia nani?

Msafara wa chanzo cha Naili

Katika karne ya 19, chanzo cha Naili kilikuwa fumbo lililoshindaniwa na vyama vya jiografia vya Ulaya. Baada ya John Hanning Speke kulitangaza Ziwa Viktoria kuwa chanzo, swali lilihamia kwenye mito iliyolilisha ziwa hilo. Mwaka 1892 Oscar Baumann, raia wa Austria, alifika kwenye chemchemi za Ruvubu. Miaka 6 baadaye, mwaka 1898, daktari Mjerumani Richard Kandt aliufuata Akagera hadi Nyabarongo, akapanda hadi chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Kitabu chake, Caput Nili, kilichapishwa Berlin mwaka 1904. Kandt ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa utawala wa Kijerumani nchini Rwanda, na mwaka 1907 alianzisha makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge, kinacholitazama bonde la Nyabugogo. Ndio mwanzo wa mji wa Kigali.

Historia imezoea kuuita ugunduzi huo kazi ya mtu mmoja. Lakini msafara wa namna hiyo haukuwezekana bila wapagazi, askari, wakalimani na wenyeji waliojua kila kijito kwa jina lake. Lugha iliyowaunganisha watu wa msafara ilikuwa Kiswahili, lugha ya njia za biashara kutoka pwani na Tabora. Kwa maneno mengine, kazi ilifanyika kwa Kiswahili, ikasomwa kwa Kijerumani. Hayo yalikuwa maarifa ya pamoja yaliyotiwa sahihi na mtu mmoja.

Mataifa yapima maji

Kipindi cha pili kilizaliwa na mafuriko. Mvua za mwaka 1961 na zilizofuata zilipandisha kina cha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2 katika muda mfupi, zikazamisha magati na mashamba ya kandokando. Nchi zilizokuwa ndiyo kwanza zimepata uhuru zilijikuta hazina takwimu za kueleza kilichotokea. Mwaka 1967, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulianza mradi wa kupima mvua na maji katika mabonde ya maziwa Viktoria, Kyoga na Albert. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 1972. Kisha, mwaka 1977, Rwanda, Burundi na Tanzania zilitia saini huko Rusumo mkataba wa kuunda Shirika la Bonde la Kagera, lililokuwa na makao yake Kigali. Uganda iliingia mwaka 1981.

Tofauti na enzi ya Kandt, sasa mwenye kupima alikuwa mwajiriwa wa serikali yake. Msomaji wa kina cha maji alikwenda mtoni kila siku, akatazama ubao wenye alama, akaandika tarakimu daftarini. Thamani ya kazi hiyo haikuwa katika tarakimu moja bali katika mfululizo. Ndiyo maana vita vilivyoanza Oktoba 1990 na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 viliacha pengo hata katika elimu ya maji. Vituo vilinyamaza, mfululizo wa vipimo vya mito ya Rwanda ukakatika. Mtaalamu wa leo akitaka kujua mafuriko ya Nyabarongo yamebadilikaje kwa nusu karne, hukutana na miaka isiyo na neno. Pengo hilo si kasoro ya hesabu tu: nyuma yake kuna watu waliouawa na waliokimbia.

Maabara na mafunjo

Baada ya mwaka 1994 Kigali ilikua upesi, na bonde likabeba mzigo wa ukuaji huo. Maji ya mfereji wa Mpazi, yanayotelemka kutoka mitaa ya mlimani, hukusanyika Nyabugogo pamoja na taka za karakana, masoko na viwanda. Mbele kidogo bondeni, watu hulima miwa na mboga. Swali la sayansi likageuka: si tena Naili inaanzia wapi, bali ndani ya maji haya mna nini.

Jibu lilitafutwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na taasisi ya elimu ya maji ya UNESCO iliyoko Delft, Uholanzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia metali nzito, zikiwamo risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba na zinki, katika maji, tope, mimea na viumbe wa kinamasi cha Nyabugogo. Ulionesha kuwa mizizi ya mafunjo ndiyo sehemu ya mmea inayoshika metali kwa wingi zaidi. Mmea ambao mjenzi huuona kuwa kichaka cha kufyekwa ulithibitika kuwa chujio. Jambo la kihistoria hapa ni kwamba Wanyarwanda walikuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa matokeo. Mkono upimao ulikuwa umeanza kuandika.

Kutoka majini hadi hewani

Kipindi cha nne kimepanda kutoka bondeni hadi mlimani. Kwenye mlima Mugogo, kaskazini mwa nchi, Rwanda na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) zilianzisha kituo cha kuchunguza hewa, kikaunganishwa na mtandao wa kimataifa wa AGAGE ambao umepima gesi za angahewa tangu mwaka 1978. Miongoni mwa wanasayansi waliokijenga ni Jimmy Gasore, aliyepata shahada ya uzamivu MIT na mwaka 2023 akateuliwa Waziri wa Miundombinu. Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za majokofu na viyoyozi zinazoongeza joto duniani. Mji uliozaliwa kando ya msafara wa mpima mito ukawa jina la mkataba wa dunia nzima.

Nyabugogo yenyewe haikusahauliwa. Mwaka 2022 Kigali ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mji unaojali ardhioevu, na bonde la Nyabugogo limo katika orodha ya mabonde matano ya mji yanayorejeshwa hali yake kwa ufadhili unaohusisha Benki ya Dunia.

Hitimisho

Safari hii inaonesha hatua iliyopigwa. Kutoka mpagazi asiyetajwa, hadi msomaji wa ubao mtoni, hadi mtafiti mwenye jina lake juu ya makala, umbali kati ya mkono upimao na mkono uandikao umepungua. Umbali uliobaki ni wa lugha. Matokeo yameandikwa kwa Kijerumani, kisha Kifaransa, sasa Kiingereza. Mama auzaye mboga za bondeni na fundi amwagaye oili chafu mferejini hawajaelezwa kwa lugha yao kilichopatikana katika mizizi ya mafunjo, ingawa wao ndio wenye kukila na wenye kukizuia.

Kinyarwanda kina haki ya kwanza katika kazi hiyo. Lakini maji ya Nyabugogo hupita Rusumo, mpakani mwa Tanzania, yakaenda hadi Bukoba na Mwanza, na watu wote hao wana lugha moja ya kuzungumzia mto wao. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Lugha iliyobeba mizigo ya sayansi mwaka 1898 inastahili sasa kubeba majibu yake.