Fizi na Baraka mbele ya watafiti: kolera, samaki, zahabu na umeme

Kila mwaka watu wenye simu ao karatasi za maswali wanapita Baraka, Fizi-centre, Nundu, Lusenda mpaka Misisi. Munachota maji wapi? Mama, ndakala munauza franga ngapi? Nyumbani munapikia makala ao kuni? Wakaaji wanajibu, wanatia sahihi ao kidole, na wengi hawasikii tena kitu. Swali linalobaki nyuma ni lile moja: majibu iko wapi?

Majibu yapo, na ni mengi kuliko watu wanavyofikiri. Mengine yako kwa Kiingereza ndani ya majarida ya Ulaya, mengine kwa Kifaransa kwenye rafu za Bukavu na Uvira. Hapa tunakusanya yale yanayogusa moja kwa moja maisha ya mwambao wetu.

Tuanze na wanaotafiti. Kwa Kivu ya Kusini, vyuo vikuu vikubwa viko Bukavu: Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB), kilichoanza 1989, Chuo Kikuu Rasmi (UOB), Chuo Kikuu cha Kiinjili (UEA), pamoja na vyuo vya juu vya ISP na ISDR. Uvira kuna CRH, kituo kinachochunguza ziwa na viumbe vyake. Mizizi yake ni ya wakati wa Wabelgiji, kwenye taasisi ya IRSAC iliyoundwa 1947. Halafu kuna wageni: London, Antwerp, Gent, Baltimore. Na tusisahau wanafunzi wetu wenyewe. Kabla ya mfumo mpya wa LMD kuanza mwaka wa masomo 2021-2022, kila aliyemaliza graduat aliandika TFC, na aliyemaliza licence aliandika memwari. Soko la samaki, malaria ya watoto, deni la wachimbaji, biashara ya M-Pesa: karibu kila jambo la Fizi limeshapata mwanafunzi wa kuliandika.

Kolera: daftari mbili za Uvira

Kando ya ziwa Tanganyika kolera si mgeni. Munganga na mtafiti Mkongomani Didier Bompangue, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, ni mmoja wa waliofwatilia hesabu za ugonjwa huu zoni ya afya kwa zoni ya afya. Kazi aliyochapisha na wenzake mwaka 2008 ilionyesha kwamba zoni zilizo kando ya maziwa ya mashariki ndizo zinazopata wagonjwa wengi, na kwamba huku ugonjwa hauishi kabisa. Unapungua, unatulia, kisha unaamka na kusafiri kuelekea sehemu zingine za inchi. Ndiyo sababu kupigana na kolera Kinshasa bila kuimaliza mwambaoni ni kuchota maji kwa kitunga.

Utafiti mwingine unastahili kusomwa polepole. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London kinachofundisha mambo ya usafi na magonjwa ya inchi za joto, pamoja na Wakongomani waliokuwa Uvira, walichukua daftari mbili ambazo tayari zilikuwepo. Ya kwanza ni ya kituo cha kutibu kolera cha Uvira. Ya pili ni hesabu ya maji ambayo Regideso ilitoa kila siku. Wakazilinganisha toka 2009 mpaka 2014. Bomba zikikauka siku nzima, ndani ya siku 12 zinazofwata wagonjwa wanaofika kituoni wanaongezeka zaidi ya mara mbili kulinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Kwa miaka yote ile, karibu robo ya wagonjwa, asilimia 23, walihesabiwa kuwa ni matokeo ya maji yasiyotosha.

Tazama jambo hili linavyovuka mipaka. Ni habari ya afya. Lakini mashine za kusukuma maji zinakula umeme, kwa hiyo ni habari ya nishati. Bomba likikauka mama anabeba bidoni kwenda ziwani ao ananunua kwa muuza maji, kwa hiyo ni habari ya biashara pia. Na hakuna aliyehitaji mashine ya bei kali ili kujua haya yote: zilitosha daftari mbili zilizojazwa kila siku bila kuruka. Muuguzi wa kituo cha afya anayeona kujaza daftari ni kazi ya bure, afikirie hilo.

Uvira pia ilijibu swali ambalo dunia nzima ilikuwa inajiuliza. Mwaka 2020 watu wa mji ule walipewa chanjo ya kolera ya kunywa. Kwa kawaida ni dozi mbili, lakini wengine walipata moja tu. Baadaye chanjo ikawa haba duniani, na Oktoba 2022 shirika la afya duniani (OMS) na washirika wake wakaamua inchi zenye mlipuko zitoe dozi moja badala ya mbili. Je, dozi moja inasaidia kweli, na kwa muda gani? Mtafiti wa UCB, Espoir Bwenge Malembaka, pamoja na wenzake wa Kongo na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore, waliwafwata wagonjwa wa Uvira na kuwalinganisha na majirani zao wasiougua. Matokeo yalitoka 2024: dozi moja ilikinga karibu nusu ya watu zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na kinga ilikuwa bado inaonekana hata baada ya miaka miwili. Kwa mzazi wa Baraka, maana yake ni kwamba chanjo ikija, hata dozi moja usiiache ipite, ila haiondoi kazi ya kutia dawa kwenye maji.

Tuongeze neno moja juu ya mpox. Aina mpya ya virusi hivyo iligunduliwa kutokana na wagonjwa wa Kamituga, mji wa zahabu wa teritwari jirani ya Mwenga, ulipoanza mlipuko Septemba 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya hatari ya dunia nzima. Ugunduzi ule ulianzia kwa wanganga na watafiti wa hapa jimboni.

Ziwa linapata joto

Wavuvi wa Baraka na wa Ubwari wanajua kwamba ndakala zimepungua. Kila mmoja ana sababu yake: nyavu za macho madogo, wavuvi wamezidi, Mungu. Watafiti nao wamegombana juu ya jambo hili kwa miaka zaidi ya 20.

Ziwa letu lina kina cha karibu metre 1,470, la pili duniani kwa kina. Maji ya juu ni ya joto, ya chini ni ya baridi, na hayachanganyiki kirahisi. Chakula kinachozaa vijidudu ambavyo ndakala wanakula kimezama chini. Upepo wa kusini wa kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, ndio unaosukuma maji ya juu na kufanya yale ya chini yapande na chakula chake. Maji ya juu yakizidi kupata joto, upepo unashindwa kazi hiyo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba uzalishaji wa chakula ndani ya ziwa huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Wengine walipinga, wakisema uvuvi wenyewe ndio unaoeleza zaidi. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake wakaleta ushahidi mwingine: walichota matope ya chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, wakahesabu mabaki ya samaki wa zamani. Samaki walianza kupungua pamoja na joto la karne ya 19, kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Hiyo si ruhusa ya kuvua kwa nyavu za kokoro. Kama ziwa linazaa kidogo kuliko zamani, kuvua kama zamani kunamaliza haraka zaidi. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 kwa sababu hiyo, na mapatano ya inchi nne za ziwa yanapita kwenye ofisi ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura. Lakini mvuvi anayeambiwa akae miezi mitatu bila kazi ana haki ya kujua hesabu iliyofanywa, na mpaka sasa wengi wanasikia amri tu, hawasikii sababu.

Zahabu na bariere

Upande wa biashara, somo lililovuta watafiti wengi ni zahabu. UCB ina kituo chake cha mambo ya madini, CEGEMI, kinachofanya kazi na Chuo Kikuu cha Antwerp. Mtafiti Sara Geenen wa Antwerp amefwatilia miaka mingi uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kusini. Jambo moja linalotoka kwenye kazi za namna hiyo mchimbaji wa Misisi hatalishangaa, lakini wakubwa wa Kinshasa wanalisahau: machimbo si fujo. Yana sheria zake. PDG anatoa pesa ya chakula na vifaa, wachimbaji wanatoa nguvu, mawe yanagawanywa kwa mapatano, na deni linamfunga mtu na shimo hata kama shimo halitoi kitu. Wamama wanaotwanga mawe wako mwisho wa mstari, na vumbi ndilo linalobaki kwao.

Hesabu nyingine inamgusa kila mwenye moto ao lori. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Antwerp, pamoja na watafiti wa Denmark na wa Kongo, ilihesabu bariere za barabarani katika Kivu mbili. Walikuta 798. Peer Schouten, aliyekuwa ndani ya kazi hiyo, alitoa kitabu kizima juu ya bariere mwaka 2022. Mama anayepeleka mihogo sokoni anajua kwamba nusu ya faida inabaki njiani. Sasa jambo lake limewekwa kwenye ramani.

Umeme, jua na petroli

Hapa utafiti ni mwembamba, tuseme wazi. Waya wa umeme unaotoka mabwawa ya Ruzizi, karibu na Bukavu, haujafika kwetu. Baraka inaishi kwa sahani za jua, jenereta na makala. Hata hivyo badiliko kubwa limepita mbele ya macho ya kila mtu: taa za kuvulia ndakala usiku, zilizokuwa za petroli, sasa nyingi ni za LED na batri inayochajiwa kwa jua. Na upande wa Burundi, FAO ilionyesha jambo rahisi: ndakala zikianikwa juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, badala ya mchangani, zinakauka haraka, hazina mchanga na zinapata bei. Mbao, misumari na wavu, basi.

Kubwa zaidi lilikuwa la petroli. Julai 2022 serkali ya Kongo ilitia mnadani vitalu 27 vya petroli, vingine vikiwa kwenye bonde la Tanganyika. Mnadani ule ulifutwa Oktoba 2024. Wengi wa Fizi hawakusikia ulipoanza wala ulipofutwa.

Nani mwenye majibu

Simu ambazo wauliza-maswali wanabeba mara nyingi zina programu ya KoboToolbox, iliyotoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Jibu likishaandikwa, linangoja mtandao, kisha linaenda. Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walikusanya maandishi yaliyoitwa "Série Bukavu", ambamo vijana wanaokusanya majibu vijijini walieleza upande wao: wanapita bariere na hatari, wanaaminiwa na wanakijiji, kisha jina lao halionekani kwenye kitabu, na wakirudi kijijini wanaulizwa matokeo ambayo wao wenyewe hawajayaona. Tangu M23 waingie Bukavu Februari 2025, mstari wa vita umekuwa kati ya vyuo vya Bukavu na sisi, na kazi hiyo imezidi kuwa ngumu.

Kwa utafiti wa afya, kanuni iko wazi. Tangazo la Helsinki, ambalo wanganga wa dunia walilitoa mara ya kwanza 1964, linasema katika toleo la 2013 kwamba kila aliyeshiriki apewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Na tangu zamani linakubali kwamba mtu anaweza kukataa, ao kuacha katikati, bila kuadhibiwa wala kunyimwa matibabu.

Kwa hiyo mtafiti akifika mlangoni, kuna maswali ya kumuuliza kabla ya kutia kidole. Unatoka chuo gani, na barua yako iko wapi? Kamati gani ya etika imekubali? Jina langu litaandikwa? Matokeo yatatoka lini, kwa luga gani, na mutayaleta kwa nani: chifu, kituo cha afya, shirika la wavuvi, ao redio? Lile la mwisho liandikwe kwenye karatasi ileile ya kukubali, na mkaaji abaki na nakala. Kwa wanafunzi wa hapa ni rahisi zaidi: kazi yao inabaki kwenye bibliotheka ya chuo, na ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha kusomwa hewani.